Nyumba ya bwana mkubwa, ufunguo mkononi mwa wafanyakazi



Wengi wetu tumekwisha kuona namna gari za kompani zinapanga mstari mbele ya hoteli kubwa za Lubumbashi na Kolwezi. Siku za kazi watu wako mule ndani katika mikutano, karatasi juu ya meza, chupa za maji, projektere inawaka. Ikifika Jumamosi, mahali palepale bibi wa ndoa anashuka na nguo nyeupe, na muziki unapigwa mpaka usiku. Sisi wa sendika tunajiuliza maulizo matatu. Nyumba za namna hii zinaishi na makuta gani? Nani alizijenga? Na mfanyakazi wa mgodi, yeye anaingia kwa mlango gani?

Juu ya kujibu, leo tutatoka kidogo Katanga. Tutaenda Uingereza, nchi ambayo watu wake walichimba makaa ya mawe kwa karne nyingi. Tutaangalia nyumba mbili za zamani ambazo ziligeuka hoteli za mikutano na za ndoa. Moja ilipambwa na makuta ya almasi na dhahabu ya Afrika. Ingine ilikuwa ya ukoo uliotajirika na makaa, kisha ikaingia mikononi mwa wafanyakazi wenyewe. Ukizitazama kwa nje, zote mbili ni kuta za mawe, madirisha mengi na bustani pana. Lakini hazina mafundisho ya namna moja.

Nyumba iliyojengwa juu ya kupokea wageni

Katika Uingereza ya zamani, bwana mkubwa hakutosheka na nyumba ya mjini. Alijenga ingine katikati ya mashamba yake, mbali na moshi na kelele. Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba makumi ya kulala, sale kubwa ya kulia, chumba cha vitabu, stebo za farasi na bustani za kutembelea. Usifikiri ilikuwa nyumba ya mkulima. Mkulima alikaa pembeni na kulipa kodi ya shamba. Ile nyumba ilikuwa ya kupokea wageni: mawaziri, wenye benki, wenye mashimo, na baba za vijana waliotaka kuoa.

Kwa hiyo tangu mwanzo zilikuwa nyumba za mikutano na za fete. Watu walialikwa, wakawinda, wakala, wakanywa. Chakula kikiisha, wanawake walipelekwa chumba kingine na wanaume wakabaki mezani na divai. Mambo mengi yalikatwa pale: kontra, mkopo, kiti cha bunge, hata ndoa ya watoto. Leo hoteli ikikuuzia chumba cha mkutano, chakula cha jioni na kitanda kwa bei moja, inakuuzia ile desturi ya zamani katika mfuko mpya.

Juu ya nini nyumba hizo ziligeuka hoteli? Sababu ni nyingi. Mwaka 1894 serikali ya Uingereza iliweka kodi mpya juu ya mali ya marehemu, na kodi hiyo ilipanda sana kisha vita mbili kubwa. Watumishi waliokuwa wakilipwa kidogo walikwenda jeshini na viwandani, wengi hawakurudi. Wakati wa vita ya 1939-1945 jeshi lilichukua nyumba nyingi na kuziacha zimechakaa. Paa la nyumba kama hiyo ni kubwa sana, na mvua ya Uingereza haina huruma. Nyumba nyingi zilibomolewa. Zingine zilikuwa shule au hospitali, na zingine zilifungua milango juu ya wageni wa kulipa.

Kisha ikaja sheria ya ndoa ya mwaka 1994, iliyoanza kutumika Aprili 1995. Mbele ya hapo, katika Uingereza ndoa ya serikali ilifungwa katika ofisi ya serikali tu. Sheria mpya ilikubali ifungwe pia katika hoteli na nyumba za zamani zenye ruhusa. Basi ndoa, karamu na kitanda cha bibi na bwana vikawa mahali pamoja, na faktire ikawa moja. Kwa wenye nyumba za zamani, hiyo ilikuwa mvua kisha ukame.

Luton Hoo: almasi ya Kimberley ndani ya kuta

Nyumba ya kwanza inaitwa Luton Hoo, karibu na mji wa Luton, kaskazini ya London. Katika karne ya 18 ilikuwa ya John Stuart, aliyekuwa waziri wa kwanza wa Uingereza mwaka 1762 na 1763. Mjenzi Robert Adam aliitengeneza, na bustani zilichorwa na Lancelot Brown, fundi wa bustani aliyejulikana kupita wote. Lakini jambo lenye kutugusa sisi wachimbaji linaanza mwaka 1903, wakati nyumba iliponunuliwa na Julius Wernher.

Wernher alizaliwa Ujerumani mwaka 1850. Alikuwa bado kijana alipofika Kimberley, Afrika ya Kusini, kununua almasi kwa niaba ya mfanyabiashara wa Paris, Jules Porgès. Wakati ule watu maelfu walikuwa wakichimba kwa sururu na mapipa ya kamba ile shimo inayojulikana mpaka leo kwa jina la Shimo Kubwa. Kidogo kidogo wenye mtaji walinunua vipande vyote. Mwaka 1888 kompani ya De Beers ilikusanya mashimo ya Kimberley chini ya mkono mmoja. Wernher na mwenzake Alfred Beit walikuwa ndani ya mpango huo. Kisha dhahabu ilipoonekana Witwatersrand mwaka 1886, waliingia huko pia, na kompani yao Wernher, Beit ikawa kati ya zile zenye nguvu kupita zote.

Na wachimbaji? Kwa wafanyakazi weusi wa Kimberley ulianza mtindo wa kampi ya kufungwa, yenye ukuta na wavu. Mtu aliingia na kontra na hakutoka mpaka kontra iishe. Alinunua chakula mule mule. Siku za mwisho alifungiwa na kupekuliwa mwili wote, ili asimeze almasi na kuondoka nayo. Mtindo wa kuweka wafanyakazi katika kampi ulitoka kusini ukapanda, ukafuata reli. Reli hiyo ilifika Élisabethville mwaka 1910, na kampi za kwanza za Union Minière zilikuwa na harufu ya kule. Wazee wetu waliozaliwa kampi wanajua posho na saa ya kengele. Kwa hiyo Luton Hoo ni mbali kwa kilometa tu.

Wernher aliita wajenzi Mewès na Davis, walewale waliojenga hoteli Ritz ya London, wakaibadilisha nyumba kwa ndani: marumaru, ngazi ya kuzunguka, mapambo ya Kifaransa. Alijaza picha na vyombo vya zamani. Beatrice Webb, mwanamke aliyeandika pamoja na bwana wake Sidney historia ya sendika za Uingereza, alialikwa pale. Katika daftari yake alihesabu watunza bustani 54 na mafundi wa umeme 10, tena akashangaa kwamba wenye nyumba walikuwa wakikaa pale sehemu ndogo tu ya mwaka. Wernher alikufa mwaka 1912, akaacha mali ya zaidi ya milioni 10 za pauni za wakati ule.

Hatumtukani marehemu. Alitoa makuta mengi pia juu ya shule kubwa ya London, Imperial College, ambako wainjinia wa migodi wanasomea. Lakini tuseme sawa vile iko: watu walioitoa almasi ardhini hawakuona hata lango la bustani ile. Tangu 2007 Luton Hoo ni hoteli ya kifahari. Kompani zinafanya pale mikutano, watu wanafunga ndoa, wanapiga picha kwenye ngazi. Mwenye makuta anaingia. Ngazi ile haisemi ililipwa na nani.

Wortley Hall: wachimbaji washika nyundo

Sasa tupande kaskazini mpaka Yorkshire ya Kusini, kati ya miji ya Sheffield na Barnsley. Sheffield ni mji wa chuma, Barnsley ni mji wa makaa. Pale kuna kijiji cha Wortley, na katika kijiji hicho iko nyumba inayoitwa Wortley Hall.

Ukoo wa Wortley ulikuwa na ardhi pale tangu zamani sana. Mwaka 1726 mzee Sidney Wortley Montagu alifanya mapatano na matajiri wengine wa makaa ya kaskazini ya Uingereza. Walikubaliana kutopigana kwa bei na kushika njia za kupitisha makaa. Ninyi mnaofuata habari za kobalti mtaelewa mara moja. Mtoto wake Edward alirithi, na kuanzia 1742 akamwita mjenzi wa Italia, Giacomo Leoni, aitengeneze upya nyumba ya Wortley. Bibi ya huyu Edward, Mary Wortley Montagu, njo yule aliyeona katika Uturuki namna ya kukinga watoto na ndui. Mwaka 1721 alikubali binti yake akingwe mjini London mbele ya waganga, wakati watu wengi walikuwa wakicheka na kuogopa. Kisha nyumba ilibaki kwa wazao wao, wakubwa wenye cheo cha Wharncliffe.

Vita ya 1939-1945 ilipopita, nyumba ilikuwa katika hali mbaya. Jeshi lilikuwa limekaa mule, maji yaliingia, mbao zilioza. Wakati huohuo nchi ilikuwa imebadilika: tarehe 1 Januari 1947 mashimo ya makaa yalikuwa yamechukuliwa na serikali. Wenye nyumba hawakuwa tena na nguvu ya kuitunza.

Pale njo alisimama Vin Williams, mtu wa shirika la shule za wafanyakazi. Yeye na wenzake wa sendika za pale walikuwa na wazo ambalo watu wengi waliliona wazimu: wafanyakazi wachukue ile nyumba ya bwana mkubwa, waifanye mahali pao pa kusomea, pa mikutano na pa kupumzika na familia. Mwanzo waliikodi, baadaye wakainunua. Makuta yalitoka kwa sendika, vyama vya ushirika, na watu waliochukua hisa, yaani kila mmoja analeta kidogo chake na kupata sauti.

Lakini makuta hayakutosha kutengeneza nyumba kubwa namna ile. Basi siku za kupumzika wachimbaji wa makaa, watu wa viwanda vya chuma, mafundi wa umeme, wa maji na wa mbao walikwenda Wortley bila mshahara. Walitoa mbao zilizooza, wakapiga rangi, wakavuta nyaya. Kila mtu alileta kile mikono yake inajua. Tarehe 5 Mei 1951 nyumba ilifunguliwa. Sendika zilichukua vyumba, zikalipia vitanda na viti, na majina yao yakawekwa. Chumba cha vitabu kilipewa jina la Sylvia Pankhurst, mwanamke aliyepigania haki ya kura ya wanawake, akaitetea Etiopia iliposhambuliwa na Italia mwaka 1935, na kuzikwa Addis Abeba mwaka 1960.

Kutoka hapo, kwa miaka makumi, Wortley Hall ilifanya kazi ya hoteli: madarasa ya madelege, mikutano mikubwa ya sendika, likizo za familia, ndoa, siku za kuzaliwa, chakula cha kuaga mzee anayeingia pensheni. Na mlango ule uliokuwa wa wageni wa bwana mkubwa, mtoto wa mchimbaji alipita humo akiwa amevaa suti ya ndoa yake.

Namna hoteli inavyokula

Tuangalie sasa kazi yenyewe, maana kuna hesabu ya kujifunza. Nyumba ya zamani inakula makuta hata kama hakuna mgeni: paa, moto wa kupasha vyumba, majani ya kukata, mishahara ya wapishi na wasafishaji. Kwa hiyo mwenye hoteli anatafuta wageni wa namna mbili, juu ya kujaza juma lote. Jumatatu mpaka Alhamisi anatafuta mikutano ya kazi. Ijumaa mpaka Jumapili anatafuta ndoa na fete. Miezi ya baridi, wakati watu hawapendi kuoa, bei inashuka. Jumamosi ya kiangazi inapanda.

Mikutano inauzwa kwa kichwa cha mtu. Kuna bei ya siku: chumba, chai mara mbili, chakula cha muchana, karatasi, projektere. Kuna bei ya siku na usiku: vyote hivyo pamoja na chakula cha jioni, kitanda na chai ya asubuhi. Tufanye mfano, bei ni ya kubuni tu: dola 60 kwa mtu kwa siku, watu 20, siku 3. Hiyo ni dola 3.600, bila kitanda na bila safari. Ndoa nayo inauzwa kwa kichwa, na hoteli inaweka hesabu ya chini: hata wakija watu 60, utalipia 80 kama njo hesabu uliyotia mkono. Vinywaji ni faktire ingine, na hapo hoteli inapata faida nzuri.

Sasa mwone tofauti ya nyumba zetu mbili. Luton Hoo, faida inakwenda kwa mwenye mtaji. Wortley Hall, nyumba ya ushirika, haikuwa na bwana mmoja wa kumpelekea faida. Ndoa ya Jumamosi ililipa bati la paa, na paa hilo lilifunika darasa la Jumatatu ambapo delege alijifunza kusoma hesabu za kompani. Fete ilibeba masomo. Hesabu ni ileile, mfuko tu si ule.

Na kwetu?

Katanga inajua hadithi hii. Katika miji ya migodi kulikuwa na sekle ya wakubwa, nyumba za wageni za kompani, na ya wafanyakazi pembeni. Kila mtu alijua mlango wake. Siku hizi mikutano mikubwa ya migodi inafanyika hotelini. Ule mkutano wa kila mwaka wa DRC Mining Week unakusanya watu wa dunia yote Lubumbashi, katika hoteli Pullman Grand Karavia. Hakuna ubaya watu kukutana mahali pazuri. Ubaya unaanza wakati mahali panaanza kukata maneno.

Tuseme jambo moja ambalo sisi tulipitia. Kompani moja ilituita kuzungumza mapatano ya kazi katika hoteli iliyo mbali na mji. Ililipa vyote: vitanda, chakula, safari, na bahasha ya perdiemu kila jioni. Siku ya kwanza ilikuwa hotuba. Siku ya pili ilikuwa kutembea na kula vizuri. Siku ya tatu, usiku, watu wakiwa wamechoka, karatasi ya kurasa nyingi ikaletwa, na gari za kurudi zilikuwa zimepangwa asubuhi mapema. Hakuna mfanyakazi karibu wa kuuliza, na simu zilikuwa zinakatakata.

Madelege walisema: hatuweki mkono usiku. Tulirudi na karatasi, tukaisoma katika sale ya parokia, watu juu ya mabenchi, ba mama pia ndani. Katika ukurasa wa mwisho, kati ya maneno ya buti na mavazi ya kazi, kulikuwa na mstari mmoja juu ya matunzo ya hospitali. Ulikuwa unawatoa watoto waliozidi umri fulani. Aliyeuona kwanza alikuwa mama mmoja, bibi ya mfanyakazi wa usiku. Alisema: "Na huyu wangu wa shule ya sekondari, akipata malaria nitamupeleka wapi?" Juma lililofuata tulirudi mezani na ule mstari uliondolewa.

Kwa hiyo hatusemi delege akatae kila mwaliko wa hoteli. Meza safi na kimya vinasaidia kufikiri. Wakati mwingine kuwa mbali na ofisi kunatuliza hasira za pande zote. Lakini kunahitaji sheria. Sisi tunaomba kamati za sendika zishike hizi.

Kwanza, kila upande ulipe watu wake. Kama sendika haina makuta ya hoteli, mkutano ufanyike mahali ambapo itaweza, ao zamu kwa zamu: leo kwenu, kesho kwetu. Wazee wanasema mkono unaotoa ndio ulio juu.

Pili, perdiemu iandikwe, isomwe mbele ya wafanyakazi, na isipite gharama ya kweli. Bahasha isiyo na karatasi ni mtego.

Tatu, hakuna kutia mkono siku ileile karatasi inapoletwa. Iende kwanza kampi, isomwe na familia. Ba mama wanajua bei ya dawa kupita sisi wote.

Nne, tujue bei. Omba hoteli karatasi ya bei, hata kama kompani njo inalipa. Kompani inaposema haina makuta ya primi ya shimo, hesabu ya siku tatu za hoteli ni jibu zuri la kuweka mezani.

Fete zetu wenyewe

Tusiwape wakubwa peke yao somo. Sisi pia tunakodi sale. Ndoa ya mtoto, kupewa diplome, Sainte-Barbe ya tarehe 4 Desemba, fete ya wachimbaji: tunataka viti vyenye vitambaa, taa, na wageni waseme kweli walikula. Hakuna haya kupenda fete. Mtu anayeshuka shimoni kila siku ana haki ya siku moja ya kung'aa. Lakini tumeona nyumba ambapo muziki uliisha usiku mmoja na deni likakaa miaka miwili, karo za shule zikaliwa na vitambaa vya viti.

Basi kabla ya kutoa avansi, uliza maneno haya na yaandikwe. Avansi inarudishwa kama kuna kilio katika familia? Umeme ukikatika, mafuta ya jenereta ni ya nani? Maji yapo, na vyoo vinasafishwa na nani? Ukileta Simba ao munkoyo yako kutoka nje, wanalipisha kufungua chupa? Glasi ikivunjika bei gani? Saa gani muziki unazimwa, na saa ya kuzidisha ni falanga ngapi? Hesabu ya watu inaweza kushuka mpaka siku gani? Na kama inawezekana, funga ndoa Alhamisi ao Ijumaa badala ya Jumamosi. Bukari ni ileile, na sale inapunguza bei kwa sababu siku hiyo ingekaa bure.

Tunaweza kuwa na yetu?

Hapa kuna wenye kusema: "Wale ni wazungu, walikuwa na makuta." Hapana. Mchimbaji wa makaa wa mwaka 1951 hakuwa tajiri. Tena hawakuwa wa kwanza. Katika Durham, kaskazini zaidi, wachimbaji walifungua mwaka 1915 nyumba yao kubwa ya mikutano, Redhills, iliyojengwa na michango yao. Mule ndani kila shimo lilikuwa na kiti chake chenye namba, ili delege asikose mahali pa kukaa na kusema. Walikuwa wakitumika shimoni juma lote, na walijua kwamba sauti bila kiti inapotea.

Sisi hatuombi jumba la marumaru. Miji yetu imejaa majengo ya zamani ya migodi: sekle zilizofungwa, shule za ufundi zisizo na paa, madepo ya tupu. Hatuna haki ya kuvunja kufuli ya mtu. Lakini tuna haki ya kuandika barua, kuuliza jengo ni la nani, na kuomba kulikodi kwa mapatano ya miaka. Tuko na mafundi kati yetu: wa umeme, wa mbao, wa vyuma. Tuko na ba mama ambao wanashika likelemba bila franka moja kupotea, miaka na miaka, bila kompyuta. Kazi ya namna hii inataka vitu vitatu: makuta ya kidogo kidogo yenye daftari wazi, mikono ya siku za kupumzika, na mtu wa kushika ufunguo ambaye atatoa hesabu kila mwezi na kubadilishwa kila baada ya muda. Cha tatu ndicho kigumu kupita vyote. Majengo mengi ya vyama hayakuuawa na mvua, yaliuawa na mtu mmoja aliyeshika ufunguo peke yake.

Siku sale hiyo itakuwepo, Jumamosi tutaikodisha kwa ndoa, kwa bei ambayo mfanyakazi ataweza. Kotizasio za ndoa zitalipa bati na rangi. Jumatatu mabenchi yaleyale yatakuwa ya madelege wenye kujifunza sheria ya kazi. Na kompani ikitaka kuzungumza, itakaribishwa. Itapewa kiti, maji ya kunywa, na faktire yake.

Tunaomba kila kamati, mbele ya mkutano wa Sainte-Barbe, ilete karatasi yenye mambo matatu: jengo gani liko wazi katika mtaa wao, mafundi wangapi wako tayari kutoa siku mbili kwa mwezi, na kila nyumba inaweza kuchanga kiasi gani bila kugusa karo ya mtoto. Wanaokaa mbali watume kwa mkono wa delege wao. Hesabu zitasomwa kwa sauti, mbele ya wote, na ba mama watakaa mstari wa mbele.